Vumbi Niliyomwagia Maji

Na wewe ukaniuliza, "Mami, hiyo maji unamwaga kila siku?" Nikakwambia eeh, kila siku, tangu kabla hujazaliwa. Ukakaa chini hapo kwa jiwe ya kufulia, na nguo ya kulala, bila viatu, ukashika kichwa. Nikafikiri umegonjeka. Nikaweka mkebe chini nikakushika paji, haukuwa na joto. Ukaniambia nikuache kidogo unafikiria.

Hiyo ilikuwa asubuhi ya leo. Saa hii ni jioni, jua bado iko juu ya mabati, na wewe uko nyuma ya nyumba na hiyo maikrowevu yako kuukuu. Umenifukuza ati ninakuongelesha sana. Sawa. Nimekuja kuongea hapa kwa Mama Nekesa, na yeye anaandika. Mimi unajua kalamu haikunikubali, nilienda shule mvua ikinyesha, na mvua kuisha nikarudishwa kwa shamba. Ningekwambia haya na Gikuyu, lakini huyu Mluhya wangu, miaka yote tumekaa na yeye, kule Thika na sasa hapa Gitothua, Gikuyu anayojua ni ya kununua nyanya. Kwa hivyo utasoma Kiswahili yangu vile iko. Nimemwambia asirekebishe. Amerekebisha tayari, nimeona kalamu ikirudi nyuma.

Utasoma hii kwa ndege kesho, maitu. Si kabla. Mama Nekesa amesema ataibandika na gundi mpaka uchoke kuifungua.

Sitakwambia habari ya sweta. Dada yako Njeri amekwambia ya sweta, kaka yako Kamau amekwambia ya pasipoti, pasta amekwambia ya maombi, na hao wote wanajua Ujerumani vile mimi najua, kwa maneno ya watu. Mimi nataka kuongea juu ya zile chupa.

Zile ulitupa jana kwa shimo ya takataka. Nilikuwa naosha sufuria nikakuona unazibeba na beseni, chupa za jam zenye unga wako, kila moja na karatasi yake imebandikwa. Nikakuuliza hizo zinaenda wapi. Ukasema ni za kutupa. Nikauliza na ile moja ya manjano? Ukasema hiyo ndiyo itapanda ndege. Halafu ukarudi ndani ukakaa kwa kiti ya babako, Mungu amlaze, na hukuwasha taa, na nikiwa nageuza githeri kwa sufuria ukasema ile maneno. Ukasema, "Mami, hao watu wa Ujerumani wameniita kwa sababu ya chupa moja, na mimi mwenyewe sijui niliipika aje." Ukasema pengine usiende. Ama uende, unyamaze, uombe Mungu wasiulize.

Ulifikiri sikusikia, kwa sababu nilianza kukuambia habari ya kitunguu. Nilisikia. Nilikosa tu mahali pa kuanzia.

Acha nianze na kazi yako, nione kama nimeielewa. Nikikosea ucheke hapo kwa ndege, usimwambie mtu.

Ni mbolea ya yuria. Ile ile tunawekea mboga ya sukuma. Siku ya kwanza ulikuja nayo kutoka chuo ukaniambia unataka kuipika, nilijua masomo imekushinda. Nilimwambia Mama Nekesa, huyu mtoto amesoma mpaka ametokea upande ule mwingine. Na ikanuka, Ngai, kama mkojo ya ng'ombe ikichemka, majirani wakauliza kama tumeanza kufuga. Lakini ukaniambia yuria ikipikwa na moto kali, imefunikwa, inageuka inakuwa unga ya manjano kama ua la malenge. Na hiyo unga ukiweka kwa maji, jua ikiiangalia, inavunja maji. Inatoa hewa ya kuwaka. Haidrojeni. Nimelitamka vizuri, muulize Mama Nekesa.

Shida ni kupika. Pale chuo kuna tanuri, na kwa tanuri hiyo kitu inakaa tangu chai ya asubuhi mpaka watu wakienda nyumbani, na ukihesabu kupoa inafika kesho yake. Na stima zetu unazijua. Ikipotea katikati, siku imeenda, na yuria imeenda, na mwenye foleni ya tanuri nyuma yako amekasirika. Nakumbuka ukirudi hapa jioni, mdomo imekauka, unasema leo tena ilipotea. Nikawa nalaani kampuni ya stima na wewe, bila kujua tunalaani nini.

Halafu ukaleta maikrowevu. Ulinunua kwa yule fundi wa Kamakis, ya mlango iliyofungwa na waya, na nikasema nashukuru, sasa tutapasha chai. Kumbe hata chai haikuruhusiwa kuingia. Ukaniambia maikrowevu peke yake haijui kupika yuria, lakini makaa ikiwa ndani inashika moto yake haraka, inakuwa nyekundu, na makaa ndiyo inapika. Kwa hivyo bakuli ndogo ya yuria na kifuniko yake, ndani ya bakuli kubwa, na katikati vumbi ya makaa. Vumbi yangu. Ile hakuna mtu hununua. Na kitu ya kutwa nzima ikaiva kabla chai yangu ipoe.

Nilijivuna, maitu. Sikukwambia. Nilikaa pale kwa kibanda nikiuzia watu makaa kwa mkebe, na nikisema moyoni, ile takataka yangu iko na kazi chuo.

Sasa, watu wa kanisa wamekwambia haraka haraka haina baraka. Nilisikia Mama wa Kwaya akikwambia Jumapili, na ukainamisha kichwa kwa heshima. Mimi sikwambii hivyo. Mimi nimekaa na vitu vya polepole maisha yangu yote, na nimeona baraka yao pia ni kidogo. Nimefua polepole, nimesaga polepole, nimepuliza moto ya kuni mpaka hiki kifua unachosikia kikikohoa usiku. Polepole ni ya mtu ambaye stima yake haipotei. Wewe ulisema jambo moja nikaliweka. Ulisema mtu wa tanuri akikosea anajua kesho, wewe ukikosea unajua saa hiyo hiyo na unajaribu tena. Hiyo ni kitu kubwa. Mimi makosa yangu mingi nilikuja kujua nikiwa na mvi.

Na ukanipeleka chuo nikaone. Nilivaa ile koti ya harusi ya Njeri. Ukanionyesha chupa ya maji, na hiyo unga imeichafua kama maji ya kuosha mchele, na kitu kingine ghali uliongeza kiasi ya kuficha kwa kucha. Na taa kubwa inaimulika, ati hiyo ndiyo jua ya ndani ya nyumba. Nikainama. Nikaona povu ndogo ndogo zinapanda, kama soda iliyosahauliwa. Nikakuuliza, na moto iko wapi? Ukaniambia, "Moto iko ndani ya hiyo povu, mami. Haijawashwa tu."

Nilicheka, nakumbuka vijana wa koti nyeupe wakageuka. Nilicheka kwa sababu nimetafuta moto kwa miti tangu nikiwa msichana, nimekata, nimezika, nimechimbua, nimebeba na mgongo, na wewe unaitoa kwa maji na huna hata jasho. Kamau alisema unataka kunifungia biashara. Nikamwambia kama biashara itafungwa, heri ifungwe na huyu. Wacha afunge. Nitakaa kwa jua kama hiyo chupa yake.

Lakini nilikuwa naongea juu ya nini? Mama Nekesa anasema chupa. Eeh.

Ile chupa moja, ya manjano sana, ilitoa povu kushinda zote, hata kushinda ya tanuri. Mwalimu wako akashangaa, akatuma habari yake mbali, na hao watu wakakuita. Tukachinja kuku. Na baada ya hapo hakuna iliyotoka tena hivyo. Ukapika, ikatoka nyeupe. Ukapika, ikatoka nyeupe na madoa. Ukapika, bakuli ikapasuka. Ukabadilisha duka ya yuria, ukaenda mpaka Thika kwa ile ya magunia. Ukabadilisha bakuli. Ukabadilisha dakika. Ukaanza hata kukasirikia fundi wa Kamakis ati alikuuzia kitu inachoka. Mimi naona tu unakonda.

Sasa ndiyo nakujibu ya jana. Na jibu yenyewe iko hapa inashika kalamu, imeanza kucheka kabla sijasema.

Wewe ulikuwa bado tumboni, na tulikuwa Thika, chumba moja upande ya mto. Babako alikuwa na miti ya mithanduku kwao juu Gatundu, na ndiyo tulikuwa tunachomea makaa. Nyanya yako, mama ya babako, ndiye alinifundisha. Unapanga magogo, unafunika na majani, unafunika na udongo, unawasha kwa tundu moja, halafu unakaa. Moshi inatoka nyeupe kwanza, nzito, hiyo ni maji ya mti. Halafu inakuwa nyepesi, ya samawati, halafu inapotea. Na hata ikipotea hufungui. Unaziba matundu yote unaacha ipoe, kwa sababu ukifungua na moto bado iko ndani, hewa ikiingia, unabaki na jivu.

Mimi nilifungua. Shule zilikuwa zinafunguliwa, Kamau na Njeri hawakuwa na kitu, na babako alikuwa ameenda kutafuta kazi ya mawe Ndarugu. Moshi ilikuwa bado na weupe ndani. Nikajiambia weupe hiyo ni kidogo. Nikafungua upande mmoja, nikamwagia maji haraka haraka, nikaokoa nilichookoa. Kuna makaa mzuri ilikuwa, sisemi hakuna. Lakini ingine ilikuwa visinga, nje nyeusi, ndani bado mti. Hiyo ukiweka kwa jiko inatoa moshi mpaka mtu anatafuta mlango.

Na sasa hapa ndipo penyewe, maitu. Kufungua mapema haikuwa kosa kubwa. Kila mtu hufungua mapema siku moja. Kosa ni vile nilipakia. Gunia ya makaa unajua ina kilemba, ule mzunguko wa juu unajengwa na vijiti, makaa kubwa kubwa inaonekana kati yake. Mnunuzi anaangalia kilemba. Nikaweka visinga chini, vumbi katikati, na juu nikajenga kilemba hata mzee wa kazi ya magunia angeiinamia. Nilipanga moja moja kama mayai. Hata sikuona ni wizi. Kila mtu alikuwa anafanya, tulikuwa tunaita kuremba gunia.

Akaja mama mmoja mgeni, alikuwa ametoka magharibi juzi, anafanya kazi kwa kiwanda ya nguo. Ana mtoto mgongoni. Akaona kilemba, akapenda, akabeba na kichwa akaenda.

Siku iliyofuata akarudi na hiyo gunia kwa kichwa. Mtoto mgongoni, macho imefura ya moshi, ya mama na ya mtoto. Nikajua. Nikaanza kupanga matusi yangu mapema, kwa sababu mtu akijua amekosa ndiyo anakuwa na matusi tayari. Yeye hakuningoja. Akaweka gunia mbele ya mlango yangu, akaipindua, akamwaga yote kwa barabara, watu wakiona. Halafu akachuchumaa. Akaanza kuchagua. Makaa mzuri hapa. Visinga hapa. Vumbi hapa. Polepole, kama mtu anachagua maharagwe, na mimi nimesimama na tumbo yangu kubwa, wewe ndani. Akamaliza akaangalia zile chungu, akaniangalia.

"Mama Kamau," akasema, "mimi sina shida na vumbi. Niambie tu kama iko."

Akarudisha makaa mzuri kwa gunia, na vumbi pia akabeba, ati atafinyanga na udongo achome. Visinga akaniachia hapo. Akaenda.

Mama Nekesa anasema nimesahau. Anasema alisema pia kwamba Wakikuyu wanaweza kuuzia mtu kivuli ya mti. Eeh, alisema. Na mimi nikamwambia Mluhya ndiye angenunua, akiuliza inaenda na kuku gani. Hiyo ndiyo siku mimi na huyu Mama Nekesa tulianza kuongea. Na tangu hapo mtu akija kununua gunia kwangu, namwaga. Namwagia chini, hapo mbele yake, anaona makaa, anaona vipande, anaona vumbi, halafu anaamua. Wewe ulikua ukiona hivyo ukafikiri ndivyo makaa huuzwa. Si hivyo. Ni mimi tu, na sababu ni huyu.

Na nisikudanganye ati baraka ilimwagika. Wengine walienda. Waliona vumbi wakaenda kwa yule wa ng'ambo mwenye kilemba mzuri. Babako alikasirika, akasema nauza kama mtu anatubu. Kuna wiki tulikula mboga ya mto. Lakini wenye walibaki hawakuwa wanaangalia tena kilemba, walikuwa wananituma makaa kwa simu, bila kuona. Hiyo ni kitu ya kukaa nayo, mtu kukununulia bila kuona.

Sasa wewe na chupa yako moja. Hiyo ni kilemba, maitu. Ni nzuri, ni ya ukweli, hakuna mtu anasema si ya ukweli. Hata makaa yangu ya juu ilikuwa makaa. Lakini ukienda nayo peke yake, kila siku utakuwa unaogopa mtu apindue gunia. Sijui kama wazungu hupindua. Nafikiri kazi yao ni hiyo.

Na sitaki usiende. Nisikie vizuri hapo. Jana uliposema pengine usiende, mimi moyo yangu ilifurahi kwa ubaya. Nilisema ndani, basi atabaki, nitampikia. Nikaiona hiyo furaha nikaikataa. Mimi ninazeeka, na mtu mzee anaweza kupenda mtoto wake ashindwe ndio akae karibu. Nakwambia ujue ilipita, na nikaifukuza na fagio. Enda.

Basi usiku hukulala, nilisikia kitanda ikilia. Ndiyo maana leo umeamka kabla ya watu, na kwa sababu umeamka ndiyo ukaniona.

Unajua kwa nini mimi humwagia vumbi maji? Ulikuwa hujui, kwa sababu mimi humaliza kabla uamke, na wewe unalala kama gogo. Ni hapo hapo Thika. Kulikuwa na mama jirani, wa wale wa kanisa ya vilemba nyeupe. Alikuwa anafua vilemba anaanika kwa kamba, vinapepea kama bata. Na upepo ikaja kutoka kwa kibanda yangu, vumbi yote ikahama ikaenda kukaa kwa vilemba. Jumamosi, na kesho ni kanisa. Hakunigombanisha. Alivianua tu akarudi kuvifua mara ya pili, na maji ilikuwa ya kubeba kutoka mto. Nilimuona akishuka mteremko na mtungi, nikasema sitarudia. Tangu hiyo siku, kila asubuhi, kitu ya kwanza kabla hata ya kuomba, nachukua mkebe niliyotoboa toboa chini, nanyunyizia vumbi maji mpaka ikae. Hata tulipohamia hapa. Hata pale hakuna kamba ya nguo karibu. Mkono inajienda yenyewe.

Na wewe kila jioni unachota vumbi kwa hiyo hiyo chungu. Juu imekauka, unaona ni kavu. Chini iko na maji yangu.

Leo ndiyo ukaniuliza, ukiwa hapo kwa jiwe, "Ile siku nilipika ile ya manjano, ulikuwa wapi?" Nikafikiria. Nikasema nilikuwa Kiuu kwa Njeri, alikuwa amezaa, nilikaa naye mpaka kitovu ya mtoto ikaanguka. Ukauliza na nani alimwagia vumbi maji? Nikasema hakuna. Nani angemwaga, Kamau? Ukaanza kucheka, halafu ukaanza kulia, halafu ukacheka tena, na mimi nimesimama na mkebe inavuja kwa miguu.

Ukanieleza. Ati maji kwa hiyo vumbi inakula moto kwanza. Makaa haiwezi kuwa nyekundu mpaka maji iishe, na dakika zako zinaisha kabla, kwa hivyo yuria inatoka mbichi. Visinga. Umepika visinga mwaka mzima, na mimi ndiye nilikuwa nakuwekea mti mbichi ndani.

Ukanishika mkono ukasema, "Mami, si makosa yako, mimi ndiye sikuuliza." Na ukaenda kuanika vumbi kwa mabati ya banda ya kuku, umeisambaza nyembamba, umekaa kuchunga kuku zisiingie. Kutwa nzima. Siku yako ya mwisho nyumbani, watu wanakuja kukusalimia, wanakukuta unachunga vumbi na kijiti. Shangazi yako ameniuliza pole pole kama uko sawa. Nikamwambia ni masomo.

Lakini mimi nimekaa na hiyo kitu leo, na ndiyo sababu nimekuja kwa Mama Nekesa badala ya kufunga maandazi yako. Maitu, hiyo maji haikuwa uvivu yangu. Haikuwa hila. Ilikuwa kitu mzuri. Pengine kitu mzuri kabisa nilijifunza peke yangu bila mtu kunipindulia gunia. Nilikuwa namwaga na roho safi, kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa naharibu kazi ya mtoto wangu. Nani angejua? Kile kilisaidia vilemba vya yule mama hakikufaa bakuli yako.

Kwa hivyo haya yote nakwambia, ya gunia, ya kilemba, ya kumwaga mbele ya watu, ni ya Thika na ni ya makaa. Huko unaenda sijui upepo ni gani. Usiyatumie vile yametoka kwangu. Yaanike kwanza. Yasambaze nyembamba kwa jua uone kama ndani kuna maji yangu. Ukiona yamekauka na bado yanashika moto, basi tumia. Hii jina yako ni ya mama yangu, ndiyo nakuita maitu, yaani mama, na yeye pia aliniambia mambo mengi, na mengi nilikuja kuyaanika nikiwa mama.

Moja tu siwezi kuacha. Zile chupa za takataka nilizitoa. Jana, ulipoingia kuoga. Nimezipangusa, karatasi zake bado ziko, mwandiko wako uko. Ziko chini ya kitanda yangu kwa ile katoni ya sabuni. Nilitaka kuziingiza kwa sanduku yako kimya kimya kati ya nguo, na Kamau akanikataza, ati polisi wa airport wakikuta Mkikuyu na chupa za unga nyeupe hakuna mtu atauliza kama ni mbolea. Mama Nekesa amecheka mpaka kalamu imeanguka. Lakini si Kamau amenizuia. Imenizuia ile siku ya Thika. Huyu Mama Nekesa hakuja kwangu usiku kunichagulia makaa. Angeweza. Alinimwagia hapo nione mwenyewe, na tangu hapo ndiyo mimi humwaga na mkono wangu. Gunia inamwagwa na mwenyewe. Kwa hivyo sijaziweka. Nitakwambia tu leo tukikula kwamba ziko, ama uzichukue ama uziache, na uulize mwalimu wako vile unga hubebwa.

Na hata kama leo itatoka manjano, hizo chupa bado ziko na kazi. Hasa ikitoka manjano. Ndiyo utasema, hii ni nyeupe kwa sababu ya mama yangu na mkebe yake, na hii ni manjano kwa sababu alienda kuona mtoto Kiuu. Waambie hivyo hivyo. Waambie kuna mama Gitothua anamwaga maji. Mtu mwingine mahali pengine anapika hiyo kitu haraka haraka na inatoka nyeupe, anakonda, anakasirikia fundi wake, na mama yake pia ana mkebe.

Na ikitoka nyeupe, basi haikuwa maji, ama haikuwa maji peke yake, na bado utaenda, na utasema sijui, nimekuja tutafute. Mtu anaweza kusema sijui na bado apewe kiti. Mimi nimesema sijui miaka mingi na nilikuwa nakaa.

Kuna harufu. Mama Nekesa, unasikia hiyo? Imeanza kunuka ng'ombe. Kwa hivyo ameingiza ndani. Chai yangu iko hapa bado na mvuke.

Nilitaka pia kukwambia juu ya babako, siku alikubali usome hii sayansi, vile alijifanya anatafuta koleo ndio usione macho yake...

Ananiita. Umesikia? "Mami, kuja uone." Hiyo sauti ni kama ya mama yangu, ikiita inaita tu, huwezi jua kama ni arusi ama nyumba inaungua. Mama Nekesa anasema nikae nimalize vizuri, barua haiachwi hivyo. Andika tu. Andika kwamba akisoma hapa yeye anajua rangi, mimi bado sijajua. Andika chupa ziko chini ya kitanda, katoni ya sabuni.

Nakuja, maitu. Nakuja, wacha nivae hii ndala.